Alama ya Kuuliza ya Karani

Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hivyo huenda kuna mengi sikufundishwa. Lakini alama ya kuuliza nilifundishwa: unaiweka mwisho wa maneno, halafu unangoja jibu.

Karani wa shamba tulilokaa, huko juu ya Kabazi, aliiweka kando ya majina ya watu na hakungoja chochote. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau. Mzungu mwenye shamba alitaka orodha: nani abaki shambani, nani apandishwe lori arudishwe rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa Waafrika. Mtu safi, karani alimwekea tiki. Mtu asiyemjua vizuri, au aliyemsalimia kwa uvivu, alimchorea ule mkia uliopinda na nukta chini yake. Mzungu akiona mkia hakuuliza. Lori lilijaa watu wa mkia.

Nisimwonee. Mwandiko wake ulishinda wangu, na mama alipougua alituandikia barua ya hospitali bila kudai kitu. Hata hivyo sijaona tena mwoga aliyejiona msomi kama yule.

Mimi nilikuwa nafagia ofisi yake. Asubuhi moja nikasoma orodha mezani: kando ya jina la ndugu yangu, mkia.

"Karani, huyu amefanya nini?"

"Kwani nimesema amefanya? Nimeuliza tu, dada."

"Umemwuliza nani?"

"Si nimeuliza hapo kwenye karatasi?"

Ndugu yangu alikuwa kwenye nyumba ya kukaushia pareto, hatua chache kutoka dirishani. Tulimsikia akikohoa vumbi lake. Nikasema basi amwite, amwulize mwenyewe. Karani akacheka, akanisukumia penseli. Ilikuwa na raba nyekundu kichwani.

"Unajua sana wewe. Haya, futa. Bwana akitaka kujua nani amefuta, nitamwambia ni mfagiaji."

Niliishika. Sijui kwa muda gani. Pengine haukuwa mrefu kama ninavyokumbuka. Kisha nikairudisha juu ya karatasi, nikachukua ufagio wangu.

Kesho yake ndugu yangu alipanda lori na blanketi moja. Aliinama pembeni, akaniuliza, "Uliongea na karani?"

"Niliongea naye," nikasema.

Habari ya penseli sikumwambia.