Kioo Changu Hakikatwi

Nakumbuka siku ile, mwanangu, nilipoingia kwetu Kamalondo na akwariamu kuukuu, sanduku la kioo la kufugia samaki, juu ya mkokoteni, mtaa mzima ukatoka kunicheka. Nilikuwa fundi cherehani, msichana bado, nimeinunua mtaa wa Makomeno kwa watu waliokuwa wanahama. Kioo kilikuwa cheupe kwa chokaa ya maji, na kona moja ilikuwa inavuja.

"Samaki ya kuangalia?" wakasema majirani. "Shiye tunakulaka samaki, mama!"

Kwao samaki ni wa kula tu. Waache wacheke! Nilitaka mteja akiingia kwangu akute kitu ambacho kwao hakipo.

Kaka yangu mkubwa, Yaya Kasongo, alikuwa fundi wa madirisha. Yeye hakucheka. Alitoa kipimo chake akaanza kupima kioo changu, maana alikiona ni madirisha mawili ya bure. Chumba nilichoshonea kilikuwa chake, basi akanipa hadi Jumapili ya pili: siku hiyo samaki wasipokuwa hai humo ndani, anakata. Nikamjibu kwamba akitaka kukata ataanza na mimi.

Nikashika kazi. Niling'oa silikoni ya zamani, ile gundi ya kuunganishia vioo, kwa wembe hadi vidole vikachanika. Nikasugua chokaa kwa siki, nikasuuza mpaka mikono ikakunjamana, nikapaka silikoni mpya na kuiacha siku mbili ikauke. Nilipojaza maji, hata tone halikutoka. Kisha nikaweka pambo langu katikati: pande la malakiti, lile jiwe letu la kijani lenye shaba, ambalo marehemu baba alinisugulia kwa mikono yake likang'aa. Nikatia samaki wanne wadogo wa bwawani.

Jumatatu asubuhi wote wanne walikuwa wanaelea, tumbo juu. Yaya akaja na kisu chake cha kukatia kioo.

"Dimanche haiyafika," nikamwambia, maana Jumapili yetu ilikuwa bado, nikasimama mlangoni, na hakupita.

Kesho yake alikuja Papa Ilunga, mzee aliyekuwa akitunza samaki ndani ya akwariamu hiyohiyo kule Makomeno. Alisikia yaliyonipata. Aliinama, akatazama, akanyooshea kidole jiwe langu.

"Utoe ile libwe. Njo inaua samaki. Shaba yake inaingia mu mayi."

Nikawaka. "Libwe ya tata yangu haiue kintu!"

Mzee hakupandisha sauti. "Mutoto, kubishana na yaya yako ni muzuri. Kubishana na samaki beko bafu, utashinda namna gani?"

Alisema kweli, samaki waliokufa hawabishiwi. Nililia, mwanangu, sikufichi. Niliona kama ninamzika baba mara ya pili. Lakini nilizamisha mkono nikalitoa jiwe mwenyewe. Nikamwaga maji yote, nikatupa mchanga, nikaacha maji mapya ya bomba yapumzike siku mbili kwenye mabeseni. Ijumaa nikatia samaki wengine, watatu.

Jumapili, baada ya misa, Yaya akaingia na kisu mkononi. Samaki wote watatu wakamjia mbele ya kioo, wakidhani ameleta chakula. Alisimama. Akatia kisu mfukoni, akavuta kiti, akakaa hapo mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa mezani. Leo ni mzee wa mkongojo, na bado anakuja kukalia kiti hichohicho. Jiwe la baba liko juu ya meza yangu ya kushonea, linakandamiza vitambaa.

Basi nisikie. Wakikuambia kitu chako hakifai ila kukatwa vipande, kataa. Simama mlangoni wasipite, hata akiwa ndugu yako wa damu. Ila anayekuja kukuonyesha kosa lako, huyo mpishe aingie. Na kosa likiwa ndani ya kile unachokipenda kuliko vyote, usingoje mwingine akutolee. Litoe kwa mkono wako.

Mungu akupe kichwa kigumu mbele ya wenye visu, akupe na sikio la kumsikia Papa Ilunga wako siku atakapokuja. Na ulichokiokota wakakucheka, kiishi, mwanangu, mpaka wao wenyewe wavute viti waje kukitazama.