Jivu la Batula kwenye Paipu ya Trekta

Nitakayoandika hapa hamtayaamini, na siwalaumu. Hata mimi niliyekuwepo nilianza kuyaamini nilipoyasimulia mara ya tatu. Batula mwenyewe ameketi hapa mkekani, anaziba chombo cha maziwa. Alikubali niandike habari zake kwa sharti moja: kila nikimaliza kipande nimsomee kwa sauti. Mtu aliyefika darasa la sita, la saba likamkimbia, leo anasahihishwa na mtu ambaye hakuingia darasa lolote! Haya, tuendelee.

Batula, au Mama Adan, ni Mworma, wa jamii ya wafugaji, wa upande wa Garsen. Husuka vyombo vya maziwa kwa nyuzi za mizizi, na chombo cha mtu mwingine kikivuja, huletwa kwake. Ukame ulipowamaliza ng'ombe wao, wakabaki wanne wa kuhesabu mbavu, alifanya jambo lililowaangusha shemeji zake kwa kicheko: alikodi ekari mbili za mpunga hapa kwetu Golbanti. Mwanamke wa ng'ombe, alime! Mimi sikucheka. Nilikohoa tu, kwa muda mrefu kidogo.

Basi akaloweka mbegu siku mbili, kama alivyoelekezwa, zikaanza kutoa vimea vyeupe. Mbegu ikifika hapo haingoji mtu. Isipoingia ardhini siku ile, inachacha ndani ya gunia, na yeye hakuwa na gunia la pili.

Trekta ni la kikundi chetu, zee kuliko dereva wake, Idris. Siku ile lilikuwa la Batula. Kesho yake lilikuwa limeahidiwa watu wa Chara. Fundi wake ni mimi. Mwaka jana nililifanyia sevisi peke yangu, na nilipomaliza nikabaki na kipande kimoja mkononi. Mafundi wengine huishiwa na vifaa. Mimi hubakisha.

Lilipiga mistari miwili shambani, likakohoa, likazima. Chini ya pampu dizeli ilikuwa ikidondoka, to, to, to.

"Mjomba Oliver," Idris akaniita, "njoo uone mtoto wako."

Nilikwenda taratibu, nikizungusha kidoleni funguo zangu zenye kipete cha shaba, maana fundi akikimbia watu huingiwa na hofu. Nikaikaza nati ya chini, pale penye matone. Ikavuja. Nikaikaza tena mpaka kona zake zikaliwa, ikawa duara kama kifungo. Ikavuja. Nikapaka sabuni ya kipande, nikafunga ukanda wa tyubu ya baiskeli juu yake. Ikavuja, sasa kwa povu.

Batula alikuwa ameketi kando ya gunia lake. Kila mara aliingiza mkono ndani, akapapasa mbegu, akautoa. Zilikuwa zimeanza kupata joto.

"Mjomba," akasema mwishowe, "unakaza pale inapoangukia. Inatokea wapi?"

"Mama Adan, hii ni injini. Si kibuyu."

"Kinachovuja ni kinachovuja."

Akaenda kwenye mafiga ya walinzi wanaofukuza ndege mashamba ya jirani, akarudi na kiganja cha jivu. Akaipangusa paipu yote kwa kitambaa, kutoka tangi mpaka pampu, mpaka ikakauka. Kisha akainyunyizia jivu. Tukaangalia. Kule juu kabisa, kwenye kiungo kilicho chini ya tangi, jivu likapata doa jeusi. Doa likawa mstari, mstari ukateremka na paipu polepole mpaka kwenye nati yangu ya duara, ukadondoka. To.

"Ndivyo tunavyokitafuta kitundu cha chombo," akasema. "Maziwa hayatoki pale yanapochuruzika."

Idris alicheka akakalia tairi. Mimi nikasema nilikuwa karibu kufika huko.

Kiungo kikafunguliwa. Boliti yake hukaa na washa mbili, vipete bapa vya shaba, moja juu ya paipu, nyingine chini. Hapa palikuwa na moja. Dizeli ilipita nje, hewa ikapita ndani, na injini ikivuta hewa badala ya dizeli haina la kufanya ila kulala.

"Nani aliweka moja?" Idris akauliza.

Swali la kitoto. Nikalipuuza.

Washa ya pili ikapatikana. Idris akaibana, akalegeza skrubu ya filta, akapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha. Batula akamwaga jivu tena. Likabaki kavu. Trekta likanguruma, moshi mweusi, na jua lilipofika usawa wa miti ya mtoni ekari zote mbili zilikuwa zimegeuzwa. Batula alimwaga mbegu mwenyewe, kiganja kwa kiganja, na mmoja wa shemeji zake waliocheka akaja kumshikia gunia. Wiki iliyofuata shamba likawa kijani.

Lakini mtauliza, na mna haki: washa ya pili ilitoka wapi? Hapo ndipo ulipo ushujaa wote wa habari hii, nami nimeuweka mwisho makusudi. Nilipoona mbegu za mama wa watu zinaharibika, nilirukia pikipiki kwenda Garsen. Njia ilikuwa imefunikwa na maji. Maji ya magoti! Ya kiuno! Nikaibeba pikipiki begani, na katikati ya maji akanitokea mamba, urefu wake futi kumi na nane, akafungua kinywa, nami nikamtazama machoni nikamwam—

"Mjomba," anasema Batula, bila kuinua macho kwenye chombo chake, "hebu wasomaji waonyeshe funguo zako. Kile kipete cha shaba kiko wapi?"