Siku ya Kutomtunza Mtu

Dada yangu, ambaye tunakaa naye mtaa wa Hodge Hill, hakuelewa kabisa.

“Copenhagen uko na nani?”

“Sina mtu.”

“Sasa unaenda kwa nani?”

“Siendi kwa mtu. Naenda kutembea tu, jioni nirudi.”

“Alone? Aki wewe, hiyo off si ungelala tu?”

Simlaumu. Kwetu mtu hupanda ndege kwa sababu ya harusi, matanga au mgonjwa. Lakini mimi kazi yangu ni kutunza wazee wa Kiingereza majumbani kwao, huko Sutton Coldfield. Nawaosha, nawalisha, nawageuza kitandani, na nikifika nyumbani nawakuta watoto wa dada wakiningoja na njaa zao. Nilitaka siku moja tu nisimtunze mtu. Nikaapa kwamba hata mtu akianguka mbele yangu huko Denmark, nitamwachia aliye zamu.

Asubuhi ilinipokea vizuri. Nilikula mkate mweusi wenye samaki wa siki, nikaumaliza kwa ukaidi tu. Nilikoswakoswa na baiskeli za watu wazima waliovaa suti, ambao hawakunitukana hata kidogo, jambo lililonivunja moyo kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari. Kandokando ya maji nilijipiga picha mbele ya nyumba za rangi rangi, nyingi zikitoka na paji la uso peke yake. Nikakata tiketi ya boti ya watalii. Ilikuwa bado haijaondoka, basi nikaenda kutafuta kahawa.

Mlangoni mwa mkahawa palikuwa na kigari cha mtoto. Ndani yake, mtoto mchanga, amelala. Peke yake. Nje, na baridi ile! Nikatazama kushoto, nikatazama kulia: hakuna mama, hakuna yaya. Watu walikuwa wakimpita kama hawamwoni. Nilipandwa na hasira. Mtoto wa watu anaachwaje barabarani kama mwavuli?

Nikajiambia nitasimama kidogo tu mpaka mwenyewe atokee. Nikaugeuzia upepo mgongo ili usimfikie. Nikawakazia macho wapita njia, kila mmoja nikimwona mwizi. Vidole vyangu vilikufa ganzi. Boti ikapiga honi na kuondoka na kiti changu kitupu, nami nikaisindikiza kwa macho huku nikijilaani. Kiapo changu hakikumaliza hata siku.

Mwishowe akatoka mwanamke kijana, vikombe viwili mkononi, anacheka.

“Nimekuwa nikikutazama dirishani,” akaniambia kwa Kiingereza. “Mwanzoni nilidhani unataka kumwiba.”

“Mimi? Nimemlinda asiibwe!”

Akanieleza kwamba kwao watoto hulala nje, hewa safi ni dawa, hata bibi yake alilazwa hivyo hivyo alipokuwa mchanga. Kisha akanitazama usoni. “Mwanangu hasikii baridi. Anayetetemeka ni wewe.”

Akanikalisha kwenye kiti cha nje, akanipa kikombe kimoja. Akachukua blanketi lililokuwa mgongoni mwa kiti, akanifunika magoti na kulichomeka vizuri pembeni mwa mapaja, huku na huku, upepo usipenye. Kazi hiyo naijua. Nimewafanyia watu wengi sana, wengine mpaka siku yao ya mwisho. Mimi mwenyewe sikukumbuka ni lini nilifunikwa na mtu. Machozi yakanidondokea kwenye kahawa, wala sikujisumbua kusingizia baridi.

Hapo mtoto akaamka, akalia. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshaweka kikombe chini na kunyoosha mikono.

“Kaa,” yule mama akasema, akinigusa bega. “Huyu ni wangu.”

Nikakaa. Nikalivuta blanketi mpaka kifuani, nikamtazama akimbembeleza mwanawe.