Asubuhi Baba Aliporuka Sura

Enzi zetu Kitengela, kabla ghorofa hazijaziba upepo, mtoto hakuonja chai kabla Biblia haijasomwa. Wenzangu wa rika langu mnajua ninachosema. Chai imeshamiminwa kwenye vikombe vya bati, mvuke unapanda, viazi vitamu vya jana vimepashwa moto, na wewe umekaa mikono magotini ukingoja watu wa kitabu cha Mwanzo wamalize kuzaliana. Ukinyoosha kidole kugusa kiazi, Mama alikukata jicho tu, na kidole kikarudi chenyewe.

Baba alikuwa ametoka Bungoma kuja kufanya kazi kiwandani Athi River. Alijinyima mpaka akanunua kiploti kwa mzee mmoja Mmaasai, ambaye hata baada ya kutuuzia aliendelea kupitisha ng'ombe wake mlangoni petu huku akitusalimu "Sopa" bila haraka yoyote. Nyumba ilikuwa ya mabati. Pundamilia walifika karibu na choo na hakuna mtu aliyewapiga picha. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulikunyang'anya kiatu ukafika shuleni na kimoja. Jioni nilicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na blada, ule wa kuruka kamba ya mpira, pamoja na Mwende, binti wa jirani, ambaye wazazi wake walitoka Machakos. Tulicheza mpaka magoti yakawa meupe kwa vumbi. Watoto wa siku hizi wakicheza, kinachochoka ni kidole gumba.

Sasa, usomaji wa Baba ulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, tunasoma sura moja kila asubuhi kwa mpangilio, na hakuna kuruka, hata kama sura yenyewe ni majina matupu. Ya pili ndiyo iliyotutoa jasho: aliyesoma lazima aseme leo atafanya nini kwa sababu ya alichokisoma, na Jumamosi anaulizwa kama alifanya. Kila mtu alikuwa na siku yake. Mimi niliwahi kuangukiwa na Kaini na Abeli, nikalazimika kuahidi kwamba sitampiga mdogo wangu Wafula, ahadi iliyonitesa wiki nzima. Wafula naye aliangukiwa na wale wazee walioishi miaka mia tisa. Akafikiri sana, akasema, "Leo nitaishi." Baba alikubali.

Tukijaribu kukwepa, tukisema tutaomba au tutafikiria, Baba alikuwa na jibu moja: "Hiyo sio kitu ya kufanya." Tulilichukia jibu hilo kama dawa ya minyoo.

Mwaka niliokuwa darasa la tatu, baba yake Mwende alianza kupanda ua wa kayaba, ile miiba mnayoijua, kati ya ploti yake na yetu. Baba akapima kwa hatua na kusema ua umeingia kwetu futi sita, juu ya sukuma wiki za Mama. Baba Mwende akasema sivyo, jiwe la mpaka ndilo lililosogezwa na mikokoteni ya punda wa maji. Ukweli hakuna aliyeujua, kwa sababu jiwe lenyewe lilikuwa limezama kwenye matope. Wakajibizana mpaka wapita njia wakasimama. Baba akarudi ndani akatangaza kwamba ataita sabeya aje kupima ardhi, na chifu ashuhudie, na kwamba mimi nisionekane tena na Mwende. Shuleni tulikalia dawati moja bila kusemezana, na nyumbani nililia mpaka Mama akanionea huruma.

Juma hilo hilo tulikuwa tumefika Mwanzo sura ya kumi na tatu, na ilikuwa Alhamisi, siku ya Baba.

Nakumbuka alivyofungua. Akautazama ukurasa kwa muda, akakohoa, akageuza ukurasa mwingine. Kisha akaanza kusoma habari za wafalme wanaopigana bondeni, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. Akafika mahali Lutu anatekwa na kuchukuliwa kutoka Sodoma. Naapa sikuwa na ujanja wowote, nilikuwa nafuata hadithi tu.

"Baba," nikauliza, "si jana huyu Lutu alikuwa na Abramu? Sasa Sodoma alienda saa ngapi?"

Mama alikuwa akiangalia ndani ya kikombe chake. "Baba Naliaka," akasema polepole, akimwita kwa jina langu kama kawaida yake, "rudi nyuma kidogo."

Baba akarudi. Akasoma jinsi wachungaji wa Abramu walivyogombana na wa Lutu kuhusu malisho, na jinsi Abramu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa, alivyomwambia mtoto wa ndugu yake achague kwanza upande anaoutaka, yeye atachukua utakaobaki, na Lutu akachagua bonde zuri lenye maji upande wa Sodoma. Kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyopungua. Alipomaliza, hakuna aliyegusa chai.

"Sasa leo utafanya nini?" Wafula akauliza. Alikuwa na miaka saba na hakuwa na ubaya na mtu.

"Nitafikiria," Baba akasema.

"Hiyo sio kitu ya kufanya," Wafula akamwambia.

Nilidhani atachapwa. Baba alifunga Biblia, akachukua koti, akaenda kazini bila chai. Mama akafunika kikombe cha Baba kwa sahani na kutuambia tule viazi. Ijumaa nilisoma mimi, na sikumbuki hata nilisoma nini.

Jumamosi asubuhi Baba aliniita nimfuate. Baba Mwende alikuwa uani ameinama na panga, miche ya kayaba imepangwa kando. Alipotuona akasimama wima.

"Sitaita sabeya," Baba akasema. "Panda hiyo kayaba pale unaona mpaka iko. Mimi nitakubali hapo."

Baba Mwende alimkagua usoni. "Nani amekuambia hivyo?"

"Hakuna mtu. Tulikuwa tunasoma."

Najua mnangoja niwaambie kwamba jirani aliguswa moyo akaturudishia. Hakurudisha. Alichukua futi zote sita, na Mama akang'oa sukuma wiki alizoweza na kuzihamishia nyuma ya nyumba, ambako hazikushika vizuri. Wakati wa kuulizwa, Baba alisema, "Nimefanya." Mama akasema, "Hata Lutu alichagua pazuri," na sote tukacheka mpaka chai ikamwagika. Jioni Mwende akaja na blada yake mkononi. Kayaba ilikua, lakini watoto tuliitoboa tundu chini, na humo zilipita sahani za githeri kuja kwetu na viazi vitamu kwenda kwao, mpaka tukamaliza shule.

Leo Kitengela hiyo hiyo ina kuta za mawe zenye nyaya za umeme juu, na jirani yangu namjua kwa honi ya gari lake. Simu hunitumia mstari mmoja kila asubuhi, mtamu, wa baraka na kuinuliwa. Nautuma kwenye kikundi cha kanisa, watu arobaini wanajibu Amina, kila mtu anaenda zake. Sijawahi kutumiwa ule wa kumwachia mtu kiwanja. Kwenye simu kuruka ni rahisi, huhitaji hata kukohoa.

Baba alirudi Bungoma kulima. Krismasi iliyopita nilimuuliza kama aliwahi kujuta kwa sababu ya zile futi sita.

"Nilijuta," akasema. "Kama miaka miwili hivi. Kila nikipita pale naona mboga ya mama yako."

"Sasa mbona hukuita tu sabeya?"

Akanitazama kana kwamba bado niko darasa la tatu. "Kesho yake ningewasomea nini?"

Namshukuru Mungu kwa meza ile, na kwa mzee yule. Mimi pia nina watoto wawili, nao tunasoma, mara moja moja, tukipata nafasi. Bado hawajaona sura hata moja ikinigharimu futi moja.