Wanawake Wote Watoke

Thirza Yandle alikamua ng'ombe kumi na wanne kila alfajiri katika shamba la Bwana Hosegood, na kicheko chake kilisikika hadi barabarani. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Mwezi wa kukata nyasi, Hosegood alimvamia ghalani. Alimwangusha, akampasulia nguo. Thirza alipiga kelele. Mkunga wa kijiji, Bi Chidgey, alikuwa akipalilia njegere zake, mashamba mawili kutoka pale. Alisikia, akaja na jembe mkononi. Hosegood akakimbia na suruali ameishika.

Watu walimwambia Thirza akubali kuombwa radhi, yaishe. Ndiyo desturi. Hosegood alituma paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Thirza alilirudisha, ingawa mama yake alilisindikiza kwa macho kama anayezika ndugu.

Alikwenda kwa hakimu wa kijijini, naye akaliandika jina lake. "Wewe ndiye mshitaki, binti. Hakuna mwingine wa kukushitakia. Huko mjini utaitwa mara tatu. Usipoitika, kesi imekufa, naye anarudi shambani kwake."

Thirza alikuwa ameshaacha kazi pale. Lakini wasichana wawili walibaki wakikamua, mmoja hajatimiza miaka kumi na tano. Hilo ndilo lililomkosesha raha.

Siku ya kesi wanawake kumi na mmoja walijazana kwenye mkokoteni wa Ned Tarr. Ned alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwoa Thirza mwaka uliofuata, wakaishi miaka arobaini na miwili. Siku ile alimwambia neno moja tu: "Panda."

Mahakamani joto lilikuwa kali. Kesi ya Hosegood ilipofikiwa, jaji alikohoa kama wanavyokohoa majaji wote panapo jambo la aibu.

"Wanawake wote watoke," akasema.

Bawabu alikuwa mwanajeshi mstaafu. Amri kwake ilikuwa amri. Aliwaswaga kama bata, akafunga mlango. Thirza alipotazama huku na huku, alijikuta uani pamoja nao. Bi Chidgey, shahidi wake, naye yuko uani.

"Mzee, nifungulie," Thirza alisema kupitia tundu la mlango.

"Amri ni wanawake wote."

"Lakini mimi ndiye niliyeshitaki."

"Wewe si mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Basi."

Bi Chidgey alimsogeza Thirza kando, akaweka mdomo tunduni. "Baba wee, kama mambo haya hatufai kuyasikia, mbona tunafaa kutendewa?"

Bawabu naye akaweka mdomo tunduni.

"Hilo mwulize jaji, mama. Mimi ni wa mlango tu."

Mmoja wa wanawake akaanza kucheka. Kicheko kikamshika wa pili, kikawashika wote, mpaka mke wa mhunzi akakaa chini kwenye mawe akishika mbavu. Ndipo sauti ya karani ikatoka ndani: "Thirza Yandle."

Walikimbia kuzunguka ukuta. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto, lakini juu. Wawili wakainama, Thirza akawapanda mabegani.

"Mwanangu, ulikuwa unakula nini kwa Hosegood?" mmoja aliguna.

"Siagi yake."

"Inaonekana."

"Thirza Yandle," karani aliita mara ya pili.

"Msicheke, mnanitikisa," Thirza alisema, naye mwenyewe machozi ya kicheko yakimtoka. Vidole vyake vikashika kizingiti cha dirisha.

"Thirza Yandle, mara ya tatu na ya mwisho."

"Nipo."

Ilikuwa sauti ya kuwaitia ng'ombe kutoka kilima cha pili. Karani aliangusha kalamu. Farasi wa jaji akajibu kutoka banda lake.

"Nani huyo?" jaji aliuliza.

"Mshitaki, Mheshimiwa. Nimefukuzwa."

"Na nani?"

"Na wewe, Mheshimiwa."

Ned Tarr, aliyekuwa ndani kwa kuwa ni mwanamume, aliinuka, akamshika mikono, akamvuta ndani. Kiatu kimoja kilibaki nje.

Akasimama kizimbani na kiatu kimoja. Wakili wa Hosegood alitabasamu. "Eti ulipiga kelele, na mtu akasikia mashamba mawili mbali. Nani ataamini sauti ya namna hiyo?"

Mzee mmoja wa baraza la kuamua kesi bado alikuwa na kidole sikioni. Jaji alimtazama yule mzee, kisha wakili. "Endelea na swali lingine, Bwana."

Thirza aliyasema yote. Hapo hakucheka. Chumba kizima kilijaa wanaume, naye anamtazama Hosegood tu. Hakuna aliyekohoa. Baadaye Bi Chidgey aliingizwa. Bawabu alinong'ona, "Mmoja tu, mama, mmoja tu."

Wazee wa baraza hawakutoka hata nje. Waligeuziana vichwa, wakanong'ona, wakageuka.

"Ana hatia."

Jaji alimpa mwaka mmoja gerezani na kazi ngumu.

Njiani kurudi wanawake walicheka mpaka mkokoteni ulipofika kilimani, wakatakiwa kushuka kumpunguzia farasi mzigo, ikawa hakuna anayeweza kusimama. Kila mara mmoja alisema, "Na wewe, Mheshimiwa," wakaanza upya. Ned alingoja, hatamu mkononi. Hakuwahimiza.

Kwenye lango la Hosegood wale wasichana wawili walikuwa wamesimama na ndoo zao. Hawakuthubutu kusogea.

"Anarudi?" aliuliza mdogo.

"Mwaka mzima harudi," Thirza alisema.

Msichana aliweka ndoo chini. Alimtazama mwenzake, wakashikana mikono, wakaanza kurukaruka barabarani, kisha wakakaa palepale vumbini wakicheka. Thirza akaruka kutoka mkokotenini, kiatu kimoja mguuni, akaketi nao.