Kona Tupu ya Bodi

Ukitaka kujua Doreen Pascoe alikuwa nani, fungua mtambo wowote wa video uliotoka kwenye karakana yetu hapa Nevada City, utazame kona ya bodi, ule ubao wa saketi uliomo ndani. Pale kwenye shaba utaona herufi mbili ndogo, D.P. Ndiyo desturi ya wachora bodi: ukiridhika na kazi unaiwekea herufi zako. Miaka thelathini na moja Doreen hakuacha kona tupu. Shahada hakuwa nayo, na meza yake ilinuka pasti, zile sambusa kubwa za kuoka za nyama na viazi.

Bodi yake ya mwisho kabla ya kustaafu alitaka iwe safi kuliko zote. Akaletewa Brent Lindqvist, mhandisi mkuu mpya, mtu wa kujisikiliza mwenyewe akiongea.

Brent alitaka tundu moja la kebo lipokee picha au litoe picha, mteja achague. Wazo halikuwa baya; hilo namkubalia, na jingine simkubalii. Ilibidi chipu ya kupokea na chipu ya kutoa zigawane jozi moja ya njia za shaba. Brent akachora: jozi inatoka kwenye tundu, inafika katikati, inapasuka matawi mawili, kila chipu na lake.

Doreen akaweka pasti yake chini.

"Bwana mkubwa, tawi lisilotumika litarudisha mwangwi, picha iharibike. Ipitishe jozi kwenye miguu ya chipu ya kupokea, imalizikie kwenye ile ya kutoa. Njia moja tu, bila tawi."

"Mama, tawi lenyewe sentimita mbili!"

"Kwa kasi ya ishara hii ni ndefu mno."

"Haya mambo nimeyasomea miaka sita."

"Pole, baba. Naona hayajakuingia."

Wenzangu walicheka ndani ya vikombe vya kahawa, basi. Hakuna aliyemuunga mkono. Mimi ndiye ninayepima bodi, nilijua kabisa Doreen yuko sahihi, na nilikuwa natafuna pasti kwa bidii.

Brent akaamuru. Doreen akachora tawi kama alivyoamriwa, kisha akafuta D.P. yake. "Uchafu sisaini," akasema, akaondoka na kikombe chake kwenda kustaafu. Brent alipoiona kona tupu akajaza B.L., herufi kubwa mara tatu ya zile za Doreen. Zikatengenezwa bodi mia mbili.

Brent aliijaribu mwenyewe kwa kebo ya mita moja. Picha ikang'aa, naye akajipigia makofi, hayawani yule. Kituo cha televisheni cha Sacramento kikaifunga kwa kebo ya mita tisini, ishara ikafika dhaifu, mwangwi ukaizidi. Picha ikakatika, ikarudi, ikakatika, mwisho ikawa nyeusi tii.

Bodi zikarudishwa zote. Brent akataka kwenda kwa Doreen, na kwa kuwa hata nyumba yake hakuijua, nikampeleka. Tulimkuta anapogoa mawaridi. Akaipokea bodi, akaigeuza juani.

"Herufi nzuri," alisema. "Zinasomeka toka barabarani."

"Mama Doreen, nakuomba. Tufanye ulivyosema."

Alinigeukia mimi.

"Walt, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukasema nini?"

Nikatazama viatu vyangu. Miaka kumi na tisa tumekaa meza moja.

"Basi kona bado ina nafasi," alisema. "Weka na zako."

Aliichora upya kwa siku tatu, kwenye meza ya jikoni kwake, njia moja bila tawi. Nimeipima mwenyewe kwa mita tisini, kisha mia, na picha haikutikisika. Kwenye kona kuna D.P., ndogo kama zamani.

Moja ya zile mbovu ninayo kwenye droo. Chini ya B.L. nimekwangua zangu, W.T., kwa ncha ya bisibisi.