Gemu Niliyoimaliza Bila Shahidi

Kaka yangu mkubwa ana zawadi moja tu ananipa kila sikukuu: kunifanya mwongo mbele ya watu. Mimi ni mama wa watoto, nina duka langu la vitenge hapa Gisenyi, na wateja wananisalimia kwa heshima. Lakini pilau ikishaliwa tu, yeye anafuta mikono na kuanza: "Jamani, mnajua huyu alimaliza ile gemu? Peke yake! Halafu umeme ukakatika!" Wote wanacheka, hata shemeji ambaye hajawahi kushika maneti ya kuchezea gemu maishani mwake.

Idi hii amekuja na boksi. Ndani mna mashine ya gemu, kama ile ya kijivu ya utotoni mwetu, na CD yenyewe, kaipata Goma kwa muuza vyombo vya mtumba. Akaviweka mezani katikati ya chupa za soda.

"Bon," akasema. "Leo umeme iko. Tuonyeshe."

Damu ikanipanda kichwani. "Leta hapa!"

Ilikuwa gemu ya kurukaruka: kiumbe kidogo chenye koti la kijani, mwamba hadi mwamba, ukianguka umekufa. Mtaani kwetu hakuna aliyeitaka. Wavulana walitaka gemu ya mpira, wacheze wawili wawili, watukanane vizuri. Hii ilikuja bure pamoja na mashine, na maandishi yake hatukuweza hata kuyasoma. Mimi niliipenda, kwa sababu Ijumaa wao wakienda msikitini, mashine ilibaki yangu.

Hatua ya mwisho ilimshinda kila aliyejaribu. Unafika bondeni, mshale mkubwa mwekundu unaonyesha chini, na huko chini matunda ya dhahabu yanang'aa ndani ya mvuke mweupe. Kila mtu alishuka, na kila mtu alikufa. Kaka akatoa hukumu: "Hii CD iko mubovu. Haina mwisho." Mtaa mzima ukakubali.

Ijumaa moja nikaimaliza. Niliuona mwisho kwa macho yangu: kiumbe kinafika nyumbani kwao, kinavua koti, kinalala. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni mbio, lakini kabla hajafika mlangoni umeme ukakatika. Uliporudi ulirudi na nguvu ya kichaa, ukaunguza mashine. Kaka alirudi akakuta moshi na mdomo wangu tu.

"We iko unadanganya," akasema, na binamu zetu wa Goma wakalidaka neno hilo, hawajaliachia mpaka leo. Watu wanadhani ni utani. Sisi ni nyumba ya biashara, tunakula kwa neno letu: nikimwambia mteja kitenge hiki hakichuji, lazima kisichuje. Kuitwa mwongo katika nyumba ile kuliniuma, na kunaniuma bado.

Basi nikakaa chini, maneti mkononi, ukoo mzima nyuma yangu. Vidole vilikuwa vizito. Nikafa mapema, kaka akapiga makofi. Nikafa tena. Ayiwe! Nikaona watoto wangu wanaangalia sakafu, wananionea aibu, na hapo nikakasirika kweli kweli. Hasira ikanirudishia mikono yangu. Nikaruka mwamba baada ya mwamba mpaka nikafika bondeni, na mshale ule mwekundu ukatokea.

"Haya, shuka," kaka akasema.

"Sishuki."

Mama yetu alikulia Bugeshi, chini ya volkano, akichunga mbuzi. Huko kuna mazuku, hewa mbaya inayolala kwenye mabonde na mashimo. Huioni, huisikii harufu. Unakuta mbuzi amelala kama amesinzia, na ndiyo basi tena. Mtoto wa kule anafundishwa mapema: pakiwa chini na pametulia, usishuke, panda juu uzunguke. Mama alitulea hapa mjini kwa sheria hiyo hiyo, hata kushuka kwenye mtaro wa maji ya mvua alitukataza. Wavulana walimcheka. Mimi iliniingia mwilini. Ndiyo maana Ijumaa ile ya utotoni nilipoona mvuke umelala vile niliupa mshale mgongo, nikapanda ukuta ambao wote walidhani ni picha tu. Juu kabisa kuna njia.

Nikaupanda tena, mbele yao. Kiumbe kikafika nyumbani kwao, kikavua koti, kikalala.

"Ile chini ni mazuku," mama akasema kutoka kwenye kiti chake, kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Nani mwenye akili angeshuka?"

Yebabawe, nilijivuna! Nilimjivunia mama kuliko nilivyojivunia vidole vyangu. Nikageuka kumtazama kaka. Alikuwa ameshatoa simu, anawapigia binamu wa Goma, na akaweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Dada yangu alisema kweli," akawaambia. "Mimi ndiye nilikosea. Miaka yote hii alisema kweli."

"Rudia," nikamwambia. "Hawajasikia."

Walikuwa wamesikia vizuri sana, na yeye alijua. Akarudia neno kwa neno, akiniangalia mimi usoni, na simu akiwa ameishusha pembeni.